Maziwa Yaliyosimama

Mlabani, Ifakara,
Tarehe 30 Juni, 1956.

Kaka yangu mpendwa Dionisi,

Shikamoo, kaka. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, unakula na kulala, na kile kidonda cha mwiba wa mkonge mkononi kimekwisha kufunga. Hapa ningeandika kwamba na sisi huku hatujambo sote, hofu ni kwako tu uliye mbali, kama Masista walivyotufundisha darasani. Sentensi hiyo nimeiandika mara mbili, na mara mbili nimeichana karatasi. Mama ni mzima, anakohoa kidogo kwa baridi hii ya Juni. Baba mdogo Raimundi ni mzima. Mtoto wako Tadei ni mzima, ameota meno mawili ya chini. Mimi ni mzima. Wa tano nitamfikia kwa zamu yake, na nakuomba usiruke mistari kumtafuta.

Naijibu barua yako ya tarehe 31 Mei, ingawa hukuniandikia mimi. Baba mdogo aliisoma kwa sauti hapa uani, Mama ameketi kwenye kinu kilicholazwa, mimi nimesimama na mtoto mgongoni. Ulisema Yosefina si mke wako tena, na mtoto humjui, wamfanye watakavyo. Ulisema pia kwamba ukirudi hutaki kukuta hata kanga yake nyumbani. Kaka, uliyaandika hayo kwa habari ya upande mmoja. Nakuambia kwa heshima zote, lakini nakuambia. Unaujua mdomo wangu tangu utotoni, na wewe ndiwe uliyekuwa ukisema kwamba mume wangu Viktor atanirudisha kabla ya mwaka kwisha kwa sababu ya mdomo huo.

Nianzie mwezi wa pili, nilipokuja hapa kwa Mama kujifungua mimba yangu ya kwanza, kama ada yetu ilivyo. Ulipata habari kwamba nilijifungua mtoto wa kike, tukambatiza Aurelia, akaishi siku kumi na moja. Ulituma pole na nilipokea. Kitu ambacho hakuna aliyekuandikia, maana si mambo ya kumwandikia mwanamume, ni kwamba mtoto akizikwa maziwa hayajui. Yanakuja vilevile, saa zilezile. Mama alinifunga kifua kwa kipande cha kaniki, akakaza hadi nikawa napumua nusu nusu, akaniambia nisiyakamue wala kumpa mtu, kwa sababu maziwa hayo ni ya marehemu, na mtoto aliye hai akiyaonja atamfuata mwenziwe. Nilikaa hivyo wiki nyingi. Safari ya kurudi kwa Viktor kule Mngeta haikuwezekana kwa ajili ya mafuriko, nikabaki hapa na Mama na wifi yangu.

Yosefina alikuwa mwema kwangu siku zile. Mwanao alikuwa na umri wa mwezi mmoja na kitu, na alimnyonyeshea chumbani kwa muda mrefu ili nisimwone. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Nilijua, nikakasirika, maana huruma ya namna ile inamkumbusha mtu kile anachofichwa. Siku moja nilimwambia kwa ukali kwamba mimi si kipofu, anyonyeshe anapotaka. Tangu siku hiyo akawa ananyonyesha mbele yangu, ila akitazama chini.

Mwisho wa Aprili maji yalianza kupungua, tukavuka Kivukoni kwenda shambani kulinda mpunga. Mwaka huu ndege walikuwa wengi kuliko mwaka ule ulipokuwepo wewe. Yosefina alipanda dungu tangu kunapokucha, na kombeo na yale madebe ya kugonga, na sauti yake ilisikika hadi kwenye mashamba ya jirani. Mimi nilikuwa bado na kizunguzungu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kupika na kukaa na mtoto kibandani. Yosefina alishuka mchana kumnyonyesha, akamkuta amelala. Jioni akashuka tena, mtoto akanyonya kidogo tu, akaachia, akaanza kucheza na shanga zake. Yosefina alifurahi na kunisifu kwamba nina mkono wa kulea, mtoto halii kabisa akiwa nami.

Tarehe 15 Mei, Jumanne, alishuka dunguni akitetemeka wakati jua linawaka. Titi la kulia lilikuwa limevimba upande wa kwapani, jekundu, gumu kama kiazi kibichi. Alisema lilikuwa linamjaa na kumvuta kwa siku tatu, naye akadhani ni uchovu wa kurusha kombeo. Kesho yake tulimvusha tukamleta hapa nyumbani. Mama alimwita bibi mmoja anayekanda wazazi hapa mtaani, simtaji jina kwa sababu alifanya kama alivyofundishwa. Wakachemsha maji sufuria nzima. Wakalikanda titi lile kwa kitako cha kiganja, kwa nguvu zote, kama wanavyokanda tumbo la mzazi, mmoja ameshika mabega. Yosefina alizimia. Alipozinduka lile gumu lilikuwa limeenea, na homa imezidi.

Ndipo neno lile likatoka. Bibi yule alimwambia Mama kwamba titi la mwenye mtoto mchanga halivimbi hivi bila sababu. Mzazi huyu ametembea na mwanamume wakati ananyonyesha, maziwa yamechafuka, anambemenda mtoto. Na wewe uko Kimamba tangu Oktoba. Hapo hakuna aliyehitaji kufikiri zaidi. Mama alimnyang'anya mtoto siku ileile, akaagiza apewe uji wa mchele, na kwamba asiguse tena ziwa la mama yake hadi dawa ifanywe. Na dawa haifanywi mpaka mwanamke amtaje mwanamume.

Baba mdogo Raimundi aliitisha kikao. Walimweka Yosefina kwenye mkeka katikati, ameegemea nguzo, mkono wa kulia ameuinua mbali na mwili kwa sababu hakuweza kuushusha. Wakamwuliza kwa upole. Akasema hakuna. Wakamwuliza kwa ukali. Akasema hakuna, aapishwe mbele ya padri. Baba mdogo akasema padri hajui mambo ya Kipogoro. Nilisema mimi kwamba apelekwe kwanza hospitali, kengele yake tunaisikia hapa tulipo. Nikajibiwa kwamba sindano haiponyi ugonjwa wa kubemenda, na akipona titi kwa sindano hatataja kamwe, na mtoto atakufa mikononi mwetu. Mama aliniuliza kama nataka nyumba hii izike watoto wawili mwaka mmoja.

Iliendelea hivyo siku tisa. Kila asubuhi anaulizwa, kila asubuhi anasema hakuna. Mtoto alikuwa ananenepa. Hilo ndilo lililomkaanga Yosefina kuliko yote, kaka, maana Mama alimbeba Tadei akamwonyesha kila aliyekuja, mashavu yale na mikono ile, akisema tazameni, tangu ameachishwa yale maziwa machafu amechanua, na anakula uji tu. Watu walitazama, wakaamini macho yao. Yosefina naye alimtazama mwanawe akaamini. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba labda kweli maziwa yake yana kitu, ingawa hajui amekosa wapi.

Siku ya tisa akataja. Alimtaja Hilari, yule mpiga kasia wa Kivukoni aliyekuwa akituvusha, ambaye mtumbwi wake ulipinduliwa na kiboko mwezi wa Machi na hata mwili haukuonekana. Kwa kuwa Hilari alizoea kumvusha bila kumngojesha, kila mtu alisema kumbe. Hakuna aliyehesabu miezi. Mama alilia kwa nafuu, akamfunika shuka yake mwenyewe. Dawa yao ikafanywa asubuhi ileile, na wakati majani yanachemka Baba mdogo alikuwa ameketi anakuandikia wewe. Mchana wakakubali sasa apelekwe hospitali ya misheni, tukambeba kwenye kitanda cha kamba. Si mbali. Mtu mzima anayetembea hatoki hata jasho.

Sista wa wodi ya wazazi anaitwa Sista Serafina, mama wa Kizungu mwenye mikono mipana ya mkulima. Hakutulaumu. Aliuliza tu ni siku ngapi, nikamwambia tisa, akarudia mwenyewe tisa, akaanza kazi. Alisema upande wa kwapani kumekwisha kuwa jipu na daktari atapasua, lakini titi la kushoto nalo limeanza kuwa gumu, na hilo tunaweza kuliokoa kwa mikono. Alinichagua mimi nimsaidie kwa kuwa ndiye nitakayebaki naye wodini. Nilifundishwa, kaka, na sitasahau hadi nakufa. Unamlaza chali na kitambaa kimekunjwa chini ya bega, mkono wake umeinuliwa juu ya kichwa. Unaweka kitambaa cha maji ya moto kiasi cha kuvumilika, unangoja. Kisha mafuta kidogo kwenye vidole, unachua polepole, kwa wepesi kama unavyompaka mtoto mchanga, unazunguka pembeni mwa lile gumu, usilikandamize, unayasindikiza maziwa kwenda kwenye chuchu. Nilipotia nguvu alinipiga kofi dogo mkononi. Alisema pale pagumu hapajakosa nguvu, pamekosa njia.

Kisha akasema aletwe mtoto anyonye, kidevu kielekee pale pagumu, kwa sababu hakuna mkono unaokamua kama kinywa cha mtoto. Mama alikuwepo, akapinga. Sista akamwambia kwamba maziwa hayachafuki kwa mwanamume. Yanachafuka yakisimama. Maziwa ambayo hayatoki yanakaa, yanakuwa magumu, yanaoza, basi, hata kwa mama mtakatifu. Akamweka Tadei kwenye titi la kushoto. Tadei akageuza uso. Akamweka tena, mtoto akachezea chuchu kwa ulimi, akasinzia. Sista alimpima kwa mikono, akamtazama mashavu, akauliza anakula nini. Nikasema uji. Akamwuliza Yosefina, ni tangu lini mtoto anakuja kwako ameshiba? Yosefina akafikiri, akasema tangu shambani, tangu wiki ya kwanza, akadhani ni tabia yake nzuri. Mimi nilikuwa nimeshika beseni. Maji yalinimwagikia miguuni.

Walimpasua titi la kulia siku ya pili, likatoka usaha wa kujaza bakuli. Alipigwa sindano za penisilini asubuhi na jioni. La kushoto nililichua mimi mara nne kwa siku, na baada ya siku tatu lilikuwa laini, Sista akanisifu mbele ya wauguzi. Mkono wa kulia ulikuwa umekaza begani, kwa hiyo nilimsimamisha karibu na ukuta, anatambaza vidole kwenda juu kidogo kidogo, na kila asubuhi tuliweka alama ya mkaa alipofika. Alama zilipanda hadi ya saba. Alianza kula. Tulicheka siku moja, nimesahau kwa nini.

Juni tarehe 6 barua yako ilifika. Yosefina alijua imekuja kwa sababu Mama alipita wodini na hakukaa. Aliniuliza umesemaje. Nilimwambia umesema apone haraka, na kwamba maneno ya Hilari hukuyaamini. Alifunga macho akasema asante. Uongo huo nimeuungama kwa padri, akaniambia nao ni dhambi kama dhambi nyingine, nikakipokea kitubio. Lakini ningeusema tena kesho.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 homa ilirudi, safari hii haikuwa ya titi. Daktari alisema sumu imekwisha kuingia katika damu tangu zile siku za nyumbani. Padri alimpaka mafuta matakatifu. Jumamosi tarehe 9 Juni, saa tano ya asubuhi, mke wako Yosefina alifariki. Pole, kaka. Pole sana. Nimejaribu kukufikisha hapa polepole, na najua kwamba hakuna upole wa kutosha. Alizikwa kwenye makaburi ya misheni. Baba mdogo alikataa alazwe karibu na Baba yetu, kwa sababu ya barua yako. Amelala mwisho wa safu, karibu na Aurelia wangu.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Siku ya kwanza kule kibandani Tadei alilia. Alilia tu kama wanavyolia watoto, na mama yake alikuwa juu ya dungu akipiga madebe, hasikii. Maziwa yangu hayakuwa yamekauka. Kaniki ya Mama ilikuwa imelowa kila siku, nami nilikuwa naifua kwa siri na kuikausha vichakani. Nilisema nimnyamazishe tu. Nikafungua. Alinyonya kama aliyekuwa akinitafuta, na mimi, kaka, tangu Aurelia afe sikuwa nimelia, siku ile nililia hadi nikamlowesha mtoto kichwa. Kesho yake sikungoja alie. Keshokutwa yake nikawa namnyonyesha kabla mama yake hajashuka, makusudi, ili amkute ameshiba na amrudishe mikononi mwangu. Alipokuwa akinisifu kwamba nina mkono wa kulea, nilijibu kwamba mtoto mwenyewe ni mtulivu.

Huko ndiko maziwa ya Yosefina yalikosimama. Hakutembea na mtu. Kwa nini alimtaja Hilari, nilimwuliza baadaye akaniambia: Hilari alikuwa amekufa, hana mke hapa wala mama, kwao mbali huko Malinyi, hakuna atakayepigwa kwa ajili yake. Mke wako alikuwa na homa ya kufa na bado alitafuta jina ambalo halitamuumiza mtu. Na yale mashavu ya Tadei ambayo Mama aliyazungusha mtaa mzima, uji ule ulikuwa unamwagwa kwa kuku. Yalikuwa ni maziwa yangu. Mtoto alipotolewa kwa mama yake mimi nilibaki naye peke yangu, na zile siku tisa za mateso yake zilikuwa siku zangu za raha. Naandika neno hilo, raha, kwa sababu ndilo lenyewe.

Kwenye kikao nilikuwa sijajua bado kwamba titi limevimba kwa ajili yangu. Nilidhani ni ugonjwa uliokuja wenyewe. Hilo ni kweli, unaweza kuliamini au kulikataa. Lakini nilijua kwamba mtoto hajanawiri kwa uji, na neno hilo moja lingetosha kumpeleka hospitali siku ya kwanza, nami sikulisema. Niliogopa Mama angesema nampa mtoto wa watu kifo cha mwanangu. Niliogopa Viktor angesikia. Na zaidi ya hofu zote niliogopa kunyang'anywa. Sista alipouliza lile swali, ndipo nilipojua yote, na bado nilikaa kimya, nikawa natoka na Tadei nyuma ya wodi penye kamba za kuanikia shuka, namnyonyesha nimesimama.

Yosefina aligundua mwenyewe. Ilikuwa Jumatatu tarehe 4, namchua titi lake la kushoto, Tadei akalia kitandani kwa mgonjwa wa pili. Maziwa yangu yalitoka. Yalipita kaniki, yakapita blauzi, yakamdondokea yeye mkononi. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi kifuani. Vidole vyangu vilikuwa bado juu ya titi lake, sikujua niviondoe au niendelee. Nilingoja anitukane, au amwite Sista. Aliniambia nimpe mtoto, analia. Nikamchukua nikamnyonyesha mbele yake, mara ya kwanza bila kujificha, akawa anatazama. Kisha akasema kwamba ana jambo moja tu la kuniomba, nimwandikie Dionisi kwa mkono wangu nimweleze ilivyokuwa, kwa kuwa yeye hajui kuandika na Baba mdogo hataandika. Nikaapa. Akasema niendelee kuchua, panauma.

Hiyo ilikuwa Jumatatu tarehe 4. Leo ni tarehe 30. Utaniuliza kwa nini, na hili ndilo baya kuliko yote, baya kuliko kibandani, maana pale nilikuwa sijui. Kwenye msiba, mbele ya wanawake wote, Tadei alilia nami nikamweka kifuani akanyonya. Mama alipiga magoti akasema Mungu amenirudishia maziwa kwa ajili ya yatima. Wanawake wakaimba. Tangu hapo naitwa mama Tadei. Wewe uliandika kwamba mtoto humjui. Viktor ametuma habari kwa watu waliokuja kuuza kambale kwamba amekubali nije naye, atamlea kama wake, na atakuja kutuchukua mvuno ukimalizika, kama wiki tatu kutoka leo. Kaka, kama wewe ungeendelea kuamini kwamba Yosefina alikuwa malaya, Tadei angekuwa wangu. Kwa ajili hiyo sikuandika. Kila nilipochukua kalamu nilimtazama, nikaiweka chini.

Nimeandika leo kwa sababu asubuhi Mama alimwambia jirani kwamba mtoto akikua ataambiwa mama yake ni Balbina, ili asije kubeba aibu ya yule mwingine. Nilikuwa natwanga mpunga mbichi wa pepeta. Nikauacha mchi ndani ya kinu, nikaingia ndani kutafuta karatasi.

Basi njoo. Omba ruhusa kwa msimamizi wako, useme umefiwa, ni kweli. Njoo kabla Viktor hajafika. Barua hii msomee Baba mdogo kwa sauti, hapa uani, Mama akiwepo, kama yeye alivyosoma yako. Mimi nitakuwepo, sitakimbia. Umhamishe mkeo alazwe karibu na Baba kama padri ataruhusu, na kama hataruhusu, useme tu mbele ya watu kwamba ni mkeo. Tadei ni mwanao. Ukitaka kumpeleka kwa wajomba zake Mahenge, au kumpa mwanamke mwingine amlee, sitakuwa na neno. Viktor nitamwambia mwenyewe. Akinirudisha, utabiri wako wa mdomo wangu utakuwa umetimia, ingawa si kwa njia uliyoidhani.

Mama hajui kwamba ninaandika, kwa hiyo salamu zake sinazo. Jirani zetu wote wanakusalimu, na kanisani bado wanaulizia sauti yako ya besi. Mpunga umekubali mwaka huu, karibu wote, isipokuwa ule wa upande wa dungu ambao ndege waliula baada ya Yosefina kushuka.

Naishia hapa, kwa kuwa mtoto ninaye mapajani naandika kwa mkono mmoja, na amemaliza la kushoto. Nimhamishie la kulia. Ukimchukua yatajaa, yatakuwa magumu, na dawa yake naijua vizuri kuliko wanawake wote wa Mlabani. Usiache kumchukua kwa ajili hiyo.

Ni mimi mdogo wako,

Balbina